Fahirisi ya 61 na fahirisi ya 11: nimfuate mtafiti yupi wa virusi?

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Mombasa na nina shahada ya uzamili. Mwaka huu nimepata nafasi mbili za kusomea uzamifu kuhusu virusi vinavyoenezwa na mbu. Msimamizi wa kwanza yuko ng'ambo. Ukurasa wake unaonyesha kwamba kazi zake zimerejelewa zaidi ya mara 24,000, na fahirisi yake ya h ni 61. Wa pili ni mhadhiri wa hapa Pwani ambaye ameifuatilia chikungunya na kidingapopo kwa miaka 20, lakini fahirisi yake ni 11 tu. Ami yangu, ambaye ndiye atakayenisaidia karo, anasema hapa hapana la kufikiri, kwamba 61 ni 61, na kwamba mtu aliyerejelewa mara elfu ishirini na kitu hawezi kuwa amekosea. Mimi huyu wa pili niliiona kazi yake kwa macho yangu mwaka 2018, tulipokuwa tukipokea sampuli usiku na mchana. Namba hizi zinapima nini hasa? Ni kweli kwamba mwenye 11 ni mwanasayansi dhaifu? Na nikienda kwake, nami nitabaki na namba ndogo maisha yangu yote?"

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa kuwa ndani yake mna mambo mawili yaliyofungwa pamoja: moja ni kile kinachopimwa na namba hizi, na jingine ni nani akuongoze kwa miaka mitatu au minne ijayo. Ami yako ameyafanya kuwa jambo moja, na hapo ndipo nitakapotofautiana naye, kwa heshima zote, maana mtoa karo ana haki ya kuuliza fedha yake inakwenda wapi. Mimi nilianza kazi katika maabara ya virusi kabla sijaingia katika kamati za kuwapandisha vyeo wahadhiri na za kugawa fedha za utafiti. Katika kamati hizo nimeziona namba hizi zikisomwa vizuri mara chache na vibaya mara nyingi, na niseme wazi kwamba wakati mwingine msomaji mbaya nilikuwa mimi.

Tuanze na rejeleo lenyewe. Mtafiti anapoandika makala hutaja kazi za waliomtangulia, ama kwa kuzitegemea, ama kwa kuzipinga, ama kwa kuonyesha tu kwamba anazifahamu. Kila kazi iliyotajwa huhesabiwa kuwa imerejelewa mara moja. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza marejeleo ya sayansi yakusanywe katika fahirisi moja, ili msomaji aliyeishika makala ya zamani aweze kujua ni nani walioitaja baadaye, na fahirisi yake ikaanza kuchapishwa katika miaka ya 1960. Kilikuwa chombo cha kutafutia maandishi, kama orodha ya maktaba. Kuwapanga watu kwa daraja kwa kutumia hesabu hiyo kulikuja baadaye, na leo matumizi hayo ndiyo yanayojulikana zaidi.

Fahirisi ya h ni changa kuliko hiyo. Ilibuniwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, na hesabu yake ni rahisi kuliko jina lake. Mfikirie mchuuzi wa samaki anayepanga mafungu yake mezani kuanzia lililo kubwa hadi lililo dogo. Fungu la kwanza lina samaki 40, la pili 22, la tatu 9, la nne 6, la tano 5, la sita 3 na la saba 1. Unahesabu mafungu mpaka pale ambapo nafasi ya fungu inaizidi idadi ya samaki waliomo. Fungu la tano lina samaki watano, kwa hiyo linapita. La sita lina watatu tu, kwa hiyo unasimama hapo. Fahirisi ya mchuuzi huyu ni 5. Weka makala mahali pa mafungu na marejeleo mahali pa samaki, nawe umeielewa hesabu nzima: mwenye 61 ana makala 61 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 61, na mwenye 11 ana makala 11 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 11.

Sasa yatazame mambo yanayotokana na mpangilio huo. Fungu la kwanza likipanda kutoka samaki 40 hadi 4,000, fahirisi inabaki 5 ile ile. Fahirisi haiwezi kuzidi idadi ya makala alizoandika mtu, hata kama makala hizo zimeigeuza dunia. Haishuki kamwe, mtafiti akistaafu na kulala, yenyewe huendelea kupanda polepole. Kwa hiyo kwa kiasi kikubwa inapima umri wa mtu kazini na wingi wa anayoandika. Makala ya Katalin Karikó na Drew Weissman ya mwaka 2005, iliyoonyesha namna ya kuirekebisha RNA, yaani molekuli inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, ili mwili usiishambulie, ilipotoka haikuvuta macho ya watu wengi. Baadaye ikawa mojawapo ya misingi ya chanjo za mRNA za Korona, na wawili hao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Katika fahirisi ya h, makala hiyo ni fungu moja tu mezani.

Hirsch mwenyewe aliweka kipimo cha kukisia: mwanasayansi mwenye fahirisi ya 20 baada ya miaka 20 ya kazi amefanikiwa. Ami yako akiisikia hesabu hii atafurahi, kwa sababu mhadhiri wetu ana 11 kwa miaka 20, karibu nusu tu ya kiwango hicho. Lakini Hirsch alikuwa akiwatazama wanafizikia wenzake, na mwaka 2020 aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kukosea vibaya na kuleta madhara asiyoyakusudia. Katika utafiti wa virusi ipo sababu ya ziada ya kutokukitumia kipimo hicho kama rula, na sababu hiyo ndiyo kiini cha jibu langu: marejeleo hufuata mikurupuko. Anayezisoma namba za mtafiti wa virusi bila kuiweka kando yake kalenda ya magonjwa anasoma nusu ya ukurasa.

Mfano wa kwanza nautoa kwa jirani. Mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, watafiti waliokuwa wakiifuatilia homa ya manjano waliwaweka kima katika vizimba. Mmoja akapata homa, na katika damu yake kikapatikana kirusi ambacho hakuna aliyekuwa akikijua. Dick, Kitchen na Haddow walikiandikia makala mwaka 1952, na kwa zaidi ya nusu karne makala hiyo ilitajwa na wachache waliokuwa na haja nayo. Kisha ugonjwa ukazuka kisiwani Yap mwaka 2007, ukaingia Polinesia ya Kifaransa mwaka 2013, ukaonekana Brazil mwaka 2015, watoto wakazaliwa na vichwa vidogo kupita kawaida, na tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Ghafla makala ile ya 1952 ikawa inatajwa kila mahali. Ndani yake halikuwa limebadilika hata neno moja. Waliosafiri ni mbu na abiria. Mtaalamu wa hesabu hizi kutoka Uholanzi, Anthony van Raan, alizieleza makala za namna hiyo mwaka 2004, yaani zile zinazolala miaka mingi kisha zikaamshwa. Ungempima Haddow kwa makala hiyo mwaka 1980 ungepata jibu moja, na ungempima mwaka 2017 ungepata jibu lingine kabisa, kwa kazi ile ile.

Mfano wa pili ni wetu wenyewe, na wewe unaujua kwa mikono. Chikungunya ilitambuliwa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, na jina lenyewe ni la Kimakonde, likieleza jinsi mgonjwa anavyopindwa na maumivu ya viungo. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliuelezea ugonjwa huo katika makala za mwaka 1955. Mwaka 2004 ukazuka Lamu, ukashuka hadi Mombasa, ukavuka kwenda Komoro, na mwaka 2005 na 2006 ukakifunika kisiwa cha Réunion, ambako watu wapatao 266,000, takriban theluthi ya wakazi, waliugua. Lamu kwenyewe, uchunguzi wa damu uliofanywa Oktoba 2004 ulikadiria kwamba robo tatu ya watu wa kisiwa hicho walikuwa wameambukizwa. Robo tatu, mwanangu. Katika nyumba ya watu wanane, sita.

Angalia sasa tarehe za uchapishaji. Utafiti wa Lamu ulichapishwa mwaka 2008. Uchambuzi wa jenomu (taarifa zote za urithi) za virusi vya Bahari ya Hindi, ulioonyesha badiliko dogo katika protini ya ganda la kirusi, ulikuwa umeshachapishwa mwaka 2006. Mwaka 2007 majaribio ya maabara yakathibitisha kwamba badiliko hilo linamrahisishia kirusi kumwingia mbu aina ya Aedes albopictus. Mbu huyo alikuwa ameshajenga makazi kusini mwa Ulaya, na mwaka huo huo wa 2007 Italia ikapata mkurupuko wake. Makala hizo za 2006 na 2007 zimerejelewa zaidi kwa mbali kuliko ile ya Lamu. Sisemi kwamba hazikustahili; kulifumbua badiliko hilo lilikuwa jambo kubwa. Ila zilikuwa na mambo matatu ambayo ya Lamu haikuwa nayo: zilitoka mapema, zilihusu mbinu ambayo maabara nyingi zingeweza kuiendeleza, na zilihusu mbu aliyekuwa akibisha hodi katika nchi zenye watafiti wengi wa kuandika. Idadi ya marejeleo hutegemea pia idadi ya watu wenye kalamu upande ule ambao ugonjwa umeelekea.

Niongeze jambo la pembeni kidogo, kwa kuwa linahusu lugha yetu. James Christie, daktari aliyekuwa Unguja katika mkurupuko wa mwaka 1870, aliandika kwamba wenyeji waliuita ugonjwa huo kidinga pepo, na kwamba wazee walikumbuka ugonjwa kama huo uliopita mnamo 1823. Wapo wanaoamini kwamba neno dengue, jina la kidingapopo kwa Kiingereza, lilitokana na jina hilo. Mwaka 1971 Donald Carey akatoa hoja kwamba ugonjwa ule wa Unguja, kwa maumivu ya viungo yaliyoelezwa, huenda ulikuwa chikungunya. Christie anarejelewa mpaka leo, na Carey pia, lakini wazee waliomwambia Christie habari za 1823, ambao ndio waliokuwa na data, hawamo katika fahirisi yoyote.

Jambo jingine ambalo ami yako amelichanganya, na si yeye peke yake, ni kudhani kwamba kurejelewa ni kukubaliwa. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walichapisha makala kuhusu watoto 12, ambayo ilitumiwa kuihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Jarida liliifuta mwaka 2010, na Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Makala hiyo ni miongoni mwa zilizorejelewa sana katika habari za chanjo, na wengi wanaoitaja wanaitaja ili kuionyesha kama kosa. Mashine inayohesabu haijui tofauti hiyo. Kwa mashine, anayekuita mwongo na anayekuita mwalimu wote wamekuongezea moja.

Kuhusu majarida, utasikia pia watu wakitaja kigezo cha athari, na kuna wanaoambatisha namba ya jarida kwenye jina la mtu kana kwamba ni cheo chake. Kigezo hicho ni cha jarida: huchukua marejeleo ya mwaka mmoja kwa vitu vilivyochapishwa katika miaka miwili iliyotangulia, kisha hugawanya kwa idadi ya makala za miaka hiyo miwili. Sasa tafakari dirisha hilo la miaka miwili kwa macho ya Mombasa. Chikungunya ilipita hapa mwaka 2004, na mkurupuko mkubwa uliofuata ukaja mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018. Katikati tulikuwa na kidingapopo cha 2013 na 2014. Mtafiti aliyechapisha mwaka 2009 kuhusu chikungunya ya mjini Mombasa alilipoteza dirisha lote kabla ugonjwa haujarudi. Mwaka 2013 kulitolewa tamko, lililotokana na mkutano wa San Francisco wa mwaka uliotangulia, ambalo limetiwa saini na taasisi nyingi, likitaka vipimo vya majarida visitumiwe kumpima mtafiti mmoja mmoja. Kusaini ni rahisi. Nimekaa katika chumba ambamo tamko hilo lilisomwa asubuhi, na mchana namba za majarida zikatumiwa kumnyima mtu cheo.

Kinyume cha ukimya huo ni Korona. Makala iliyochapishwa tarehe 24 Januari 2020, ikiwaeleza wagonjwa 41 wa kwanza waliolazwa Wuhan, imerejelewa makumi ya maelfu ya mara. Fahirisi za watafiti wengi wa virusi zilipanda kwa kasi katika miaka ile, na baadhi yao ni hodari kwelikweli, na baadhi walikuwa tu mahali panapofaa. Tena makala nyingi za wakati huo zina orodha ndefu ya waandishi: ile ya mwaka 2021 iliyosimulia mwaka mmoja wa kufuatilia jenomu za kirusi cha Korona barani Afrika ina mamia ya majina. Kila mmoja katika orodha hiyo hupata rejeleo zima, si sehemu yake. Kwa hiyo unapoziona 24,000 za msimamizi wa kwanza, usizikubali wala usizikatae, zifungue. Zipange makala zake kwa idadi ya marejeleo, kisha uangalie ni ngapi kati ya zile 10 za juu ambazo yeye ni mwandishi wa kwanza au wa mwisho, ni ngapi ni za mapitio, ambazo hukusanya kazi za wengine na hurejelewa kwa urahisi, ni ngapi ni za kundi kubwa, na ni ngapi zilitoka 2020 na 2021. Kazi hiyo haitakuchukua zaidi ya saa moja, na itakueleza zaidi kuliko 61.

Mkague vivyo hivyo huyu wa 11, na uanze na jina lake. Watu wa Pwani tunashirikiana majina: A. Mohamed ni wengi, S. Ali ni wengi zaidi, na mtu huyo huyo huweza kuandikwa kwa jina la baba katika makala moja na la babu katika nyingine. Mashine huzigawa kazi zake kana kwamba ni za watu watatu, au humpa kazi za mwingine. Hifadhidata nazo hazilingani. Ile ya Google hukusanya hata tasnifu na makala ambazo hazijapitiwa na wataalamu, kwa hiyo namba zake huwa kubwa. Scopus na Web of Science huchagua majarida, kwa hiyo namba zao huwa ndogo, na majarida mengi ya Afrika hayamo. Kama 61 umeitoa hifadhidata moja na 11 umeitoa nyingine, basi umepima kitambaa kimoja kwa yadi na kingine kwa mita. Wewe mwenyewe jisajili ORCID leo, yaani namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti, ni bure, uchague namna moja ya kuliandika jina lako na uishikilie.

Kisha kuna kazi isiyoonekana kabisa. Mwaka 2018 ulikuwa ukipokea sampuli, na mtu huyo alikuwa akizipima, akihesabu viluwiluwi vya mbu katika mapipa na mitungi ambayo kila nyumba ya mji huu huweka kwa sababu maji ya bomba hayatabiriki, na akiwaandikia wakuu wa afya ripoti za kuwasaidia kuamua wapulize dawa wapi. Ripoti kama hizo haziingii katika fahirisi. Daktari Jean-Jacques Muyembe wa Kongo alifika Yambuku mwaka 1976, akachukua damu ya wagonjwa wa ugonjwa ambao haukuwa na jina, na sampuli iliyopelekwa Ubelgiji ikasaidia kukigundua kirusi cha Ebola. Kwa miaka mingi masimulizi ya ugunduzi huo yaliyaweka mbele majina ya wengine. Dawa ya Ebola iliyotokana na kingamwili za mtu aliyenusurika Kikwit mwaka 1995 ina mkono wa Muyembe pia, na makala ya majaribio yake, ya mwaka 2019, ina Mkongo kama mwandishi wa kwanza. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kwa uandishi kuufikia utendaji.

Hata hivyo sitaki utoke hapa ukiamini kwamba 11 ni nishani ya uadilifu. Namba ndogo huweza kuficha kazi kubwa, na huweza pia kuwa namba ndogo tu. Miaka 20 ni mingi. Ikiwa mhadhiri huyu ana makabati yaliyojaa data za 2013 na 2018 ambazo hazijachapishwa, hilo si jambo la kusifu; wagonjwa walitoa damu yao, na nchi jirani zingefaidika kwa kujua mapema. Kisa cha Lamu kinafundisha pande zote mbili: dunia haikututazama, nasi tulichukua muda mrefu kuiambia. Wako wasimamizi wema, wachapakazi, wanaopendwa na wanafunzi, ambao wanafunzi wao humaliza baada ya miaka minane bila makala hata moja. Na wapo wa ng'ambo wenye namba kubwa ambao husoma kila rasimu ya mwanafunzi ndani ya wiki moja. Namba haikwambii ni yupi kati ya hao utakayempata.

Swali lako la tatu, kama namba ya msimamizi hurithiwa, nalijibu kwa ufupi: hakuna anayeirithi. Kinachohamia kwako ni mtandao wake, tabia yake ya kuandika, na nafasi atakayokupa ya kutangulia katika orodha ya waandishi. Katika maabara kubwa unaweza kuwa jina la 14 katika makala tano zenye marejeleo mengi. Katika maabara ndogo unaweza kuwa wa kwanza katika makala mbili zenye marejeleo machache. Kamati ninazozijua, zikiwa na akili siku hiyo, huzithamini zaidi zile mbili. Kwa fahirisi, zile tano hushinda.

Basi nikushauri nini? Ukitaka kuwa mtu wa jenomu na kompyuta, anayesoma mabadiliko ya virusi na kujenga vielelezo vya uenezi, maabara ya ng'ambo itakupa vifaa na wenzako wa kujifunza nao ambao hapa ni wachache, na sitakuzuia. Ukitaka kuijua chikungunya ya Pwani, kwa nini hurudi, katika mitaa ipi hubaki kati ya mkurupuko na mkurupuko, basi huwezi kuisomea mbali na mapipa ya Likoni na Kisauni, na mwenye kumbukumbu ya miaka 20 ana kitu ambacho fedha hainunui. Kwa namna ulivyoliandika swali lako, ukitaja sampuli za 2018 kabla ya kuuliza lolote, naona moyo wako uko huku. Mimi ningeomba kwanza usimamizi wa pamoja: mhadhiri wa hapa awe msimamizi mkuu, na wa ng'ambo awe wa pili kwa ajili ya uchambuzi wa jenomu. Mpango huo ni wa kawaida, na mtu wa 61 aliye mwema hataudhika ukimwandikia hivyo. Akiudhika, umejifunza jambo kabla ya kutia saini. Kama usimamizi wa pamoja haukuwezekana, nenda kwa wa hapa, lakini kwa sharti kwamba akuonyeshe kwa maandishi ni data zipi utaanza nazo na makala ya kwanza itatoka lini.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi halitayatosheleza. Watafute wanafunzi watatu waliosimamiwa na kila mmoja wao, wawili waliomaliza na mmoja aliyeacha, uzungumze nao ana kwa ana au kwa simu, si kwa barua ambayo msimamizi anaweza kuisoma; waulize walichukua miaka mingapi, jina la nani liliandikwa kwanza katika makala, na walikuwa wakijibiwa baada ya siku ngapi. Mwendee mkutubi wa utafiti wa chuo chako na laptopu yako mkononi, akusaidie kuzitoa namba za watu wote wawili katika hifadhidata moja. Na kama mpango wowote unahusisha kusafirisha sampuli za damu ng'ambo, usitie saini kabla hujakaa na ofisi ya maadili ya utafiti ukaelewa leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi), kibali cha kusafirisha sampuli, na mkataba unaosema sampuli zitarudi au zitaharibiwa, data zitakuwa za nani, na wewe utaandikwa wapi. Nimewahi kumwona kijana hodari wa Pwani akiomba ruhusa kwa barua pepe ya kutumia sampuli alizozikusanya kwa mkono wake mwenyewe, na jibu likachukua miezi saba.

Ami yako mwonyeshe lile fungu la samaki. Nadhani atalielewa haraka kuliko wengi wa kamati zangu. Kisha mfungulie kurasa mbili, moja ya kila msimamizi, mkizipanga makala kwa miaka badala ya marejeleo, na mwandike kando kwa kalamu: 2004 Lamu, 2006 Réunion, 2013 kidingapopo, 2016 Zika, 2018 Mombasa, 2020 Korona. Mtaona wenyewe ni makala zipi zilizokuja kabla ya ugonjwa na zipi zilizokuja baada yake.